Pampu A: kwa nini usalama kazini na matengenezo ya mitambo ni somo moja

Saa 12 jioni, tarehe 6 Julai 1988, zamu ya mchana ilikuwa inamalizika kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi lililosimama baharini kiasi cha kilomita 190 kaskazini mashariki mwa Aberdeen, Uskoti. Kazi moja ilikuwa haijakwisha, nayo ilikuwa ndogo. Valvu ya usalama, ile inayopunguza presha ikizidi, ya pampu moja, Pampu A, ilikuwa imetolewa ili ikapimwe na kuthibitishwa upya, na muda wa kuirudisha haukutosha. Pale ilipotoka, bomba lilizibwa kwa kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa boliti. Kazi ingeendelea kesho yake. Kibali cha kazi, yaani karatasi inayoruhusu kazi hiyo ifanyike, kilirudishwa, lakini wanaotoka na wanaoingia hawakuambiana kwa mdomo kwamba Pampu A haina valvu.

Saa 3 na dakika 45 usiku Pampu B ilizimika na kukataa kuwaka. Pampu hizo mbili ndizo zilizosukuma gesi iliyogeuka kimiminika kuelekea nchi kavu, na zote zikisimama, uzalishaji unasimama na umeme wa jukwaa unaingia mashakani. Watu wa zamu ya usiku walipekua karatasi. Walikuta kibali kimoja cha Pampu A, cha ukarabati mkubwa ambao ulikuwa haujaanza. Kibali cha pili, cha ile valvu, hawakukiona, kwa sababu vibali vya kazi zilizositishwa viliwekwa ofisi nyingine. Mahali valvu ilipotolewa hapakuwa kando ya pampu. Palikuwa mita kadhaa juu, nyuma ya mabomba na vyombo vingine. Kwa walichokijua, Pampu A ilikuwa nzima. Wakaiwasha.

Kile kifuniko kilivuja, na mnamo saa 4 usiku gesi ikalipuka. Jukwaani kulikuwa na watu 226, wakatoka hai 61 tu. Ukiongeza waokoaji 2 waliokufa wakiwa kwenye boti yao, waliopotea usiku ule walikuwa 167.

Naanza na Pampu A kwa sababu ya swali ambalo vijana wanaotafuta chuo huniuliza mara kwa mara: nisomee usalama kazini au nisomee matengenezo ya mitambo? Huwa wanaona njia mbili zisizokutana. Ya kwanza ni ya kofia ngumu, mabango na fomu. Ya pili ni ya spana, grisi na mikono michafu. Usimamizi wa hatari za viwandani huuona kuwa njia ya tatu, ya wakubwa wenye majedwali kwenye kompyuta. Sasa rudi kwenye jukwaa lile uniambie mpaka uko wapi. Kutoa valvu ni matengenezo. Kibali na makabidhiano ni usalama kazini. Kuamua kuwasha pampu wakati uzalishaji unakaribia kusimama ni usimamizi wa hatari. Mambo hayo matatu yalifanyika ndani ya siku moja, kwenye pampu moja, na watu walikufa pale yalipotakiwa kuungana.

Neno "hatari" lina mizigo miwili

Kabla ya kitu kingine, tutengeneze lugha. Tunaposema "petroli ni hatari", tunazungumzia kitu chenyewe, kwamba kina uwezo wa kuunguza. Tunaposema "hapa kuna hatari ya moto", tunazungumzia uwezekano wa jambo kutokea pamoja na uzito wa madhara yake. Hayo ni mambo mawili, na mwanafunzi asiyeyatenganisha atahangaika miaka yote mitatu au minne. Katika ofisi nyingi za Tanzania siku hizi utasikia "vihatarishi", na neno hilo nalo hubebeshwa maana zote mbili. Hapa nitasema chanzo cha hatari kwa kile kitu, na kiwango cha hatari kwa kile kinachopimwa.

Chukua mashine ya kusaga unga, ya aina iliyopo karibu kila mtaa. Mota iko upande mmoja, kinu upande mwingine, na kati yao unazunguka mkanda. Chanzo cha hatari ni mkanda, hasa pale unapoingia kwenye puli, maana hapo ndipo khanga, mkono wa shati au kidole huvutwa ndani. Kiwango cha hatari kinategemea mambo mengine: nani anapita hapo, mara ngapi kwa siku, chumba ni chembamba kiasi gani, watoto wanatumwa na debe la mahindi au hapana, kuna wavu mbele ya mkanda au uko wazi. Mashine ile ile, ndani ya chumba ambacho mwendeshaji peke yake ndiye anayeingia, ina chanzo kile kile cha hatari lakini kiwango chake ni kingine kabisa.

Darasani utafundishwa kupima kiwango hicho kwa jedwali. Uwezekano hupewa alama 1 hadi 5, uzito wa madhara 1 hadi 5, kisha zinazidishwa. Ni chombo kizuri cha kuwafanya watu wakae meza moja na kubishana. Lakini tazama kinachotokea kwenye kuzidisha. Jambo linalotokea karibu kila siku na kumkwaruza mtu kidogo hupata 5 mara 1, yaani 5. Jambo lililo adimu sana lakini linaloua hupata 1 mara 5, nalo ni 5. Jedwali linasema yako sawa, na hayako sawa. Mwalimu asiyekuonyesha udhaifu huo amekupa nusu ya somo. Viwanda vingi huendelea miaka na miaka vikipunguza mikwaruzo na kusifiwa kwa hilo, huku lile adimu linaloua likibaki lilivyo.

Ukishapima, unapunguza, na kuna mpangilio wa njia za kupunguza ambao kila mtu wa fani hii anaujua kwa moyo. Kwanza ondoa chanzo chenyewe: unganisha mota na kinu moja kwa moja, mkanda usiwepo. Ikishindikana, tumia kitu chenye madhara madogo zaidi. Ikishindikana tena, weka kizuizi cha kihandisi, yaani wavu wa chuma. Chini yake ndipo zinakuja kanuni na mafunzo: nywele zifungwe, khanga isininginie, watoto wasiingie. Vifaa kinga, kama kofia ngumu, glavu na miwani, viko mwisho kabisa. Watu wengi huanzia huko mwisho kwa sababu glavu hununuliwa leo leo, ilhali kubadili mashine kunahitaji hela na mtu anayejua anachokifanya.

Na hapo kwenye wavu wa chuma ndipo fundi wa matengenezo anapoingia, mara nyingi bila mtu kumwona. Wavu una boliti nne. Mkanda ukilegea, fundi anaufungua ili akaze. Wateja wamejipanga na madebe yao, wengine wanalalamika. Anapomaliza, boliti mbili zimepotelea kwenye pumba. Anaurudisha wavu kwa boliti mbili. Mwezi unaofuata anafungua tena, na safari hii anauegemeza ukutani kwa kuwa keshokutwa ataufungua tena. Hakuna aliyeumia, na hakuna fomu iliyojazwa. Lakini kizuizi kilichokuwa cha tatu kwa nguvu katika mpangilio ule kimekufa, na kilichokiua ni kazi halali ya matengenezo.

Mashine huharibika lini?

Watu wengi huingia kwenye fani wakiwa na picha moja kichwani: mashine ni kama tairi, inalika kidogo kidogo, kwa hiyo dawa ni kuifungua kila baada ya muda fulani na kubadilisha vipuri. Picha hiyo inafaa kwa tairi. Inafaa pia kwa baadhi ya sehemu zinazosuguana na zinazopata kutu. Kwa mitambo iliyo mingi, haifai.

Dalili ya kwanza kubwa ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili. Conrad Waddington, mwanabiolojia Mwingereza aliyepelekwa kutafiti shughuli za kijeshi, alichunguza ndege zilizokuwa zikiwinda nyambizi za Ujerumani. Kila baada ya saa 50 za kuruka zilifanyiwa ukaguzi wa lazima. Alipopanga takwimu za hitilafu zisizotarajiwa, aliona kwamba zilipanda mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikashuka kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Ukaguzi uliokusudiwa kuzuia hitilafu ulikuwa nao unazizaa: kitu kilichokuwa kimetulia kinafunguliwa, kinafungwa vibaya, au kinawekewa kipuri kibovu.

Miaka zaidi ya 30 baadaye, mwaka 1978, wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, walitoa ripoti waliyoiandika kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Walikuwa wamefuatilia tabia za uharibifu wa sehemu za ndege za abiria na kukuta mikondo sita tofauti. Sehemu zilizokuwa na umri wa kuchakaa unaoweza kupangiwa tarehe ya kubadilishwa zilikuwa asilimia 11 tu. Asilimia 68 zilifuata mkondo mwingine: uwezekano wa kuharibika ni mkubwa mwanzoni kabisa, zikiwa mpya au zimetoka kufungwa, kisha unashuka na kubaki pale pale. Kwa sehemu za namna hiyo, kila ukibadilisha unarudi mwanzo, kwenye kile kipindi kibaya.

Hesabu hizo ni za ndege, na kiwanda cha saruji au cha sukari kina vumbi, kutu na mizigo yake. Usichukue asilimia zao ukazibandika kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, kule Tanga. Kinachobaki kweli ni swali lao: kabla hujapanga kufungua mtambo, una ushahidi gani kwamba umri ndio unaouharibu? Kama hauna, afadhali uusikilize. Ndiyo maana sehemu kubwa ya masomo ya matengenezo siku hizi ni kupima hali: mtetemo wa beringi, joto la viungio vya umeme kwa kamera inayoona joto, chembe za chuma kwenye sampuli ya oili. Mtambo unafunguliwa pale unapoonyesha dalili, na kwa muda wote uliobaki unaachwa ufanye kazi.

Lakini kuna aina moja ya uharibifu ambayo kusikiliza hakusaidii, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi: uharibifu uliojificha. Pampu ya maji ya kazi ikifa, utajua dakika hiyo hiyo. Pampu ya kuzima moto ikifa, hutajua. Imesimama pale kimya ikiwa nzima, na itasimama pale kimya ikiwa mbovu. Utagundua siku ya moto, au siku ya kuijaribu.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Sema pampu hiyo huharibika kwa wastani mara 1 kila miaka 10, yaani miezi 120. Ukiijaribu mara moja kwa mwaka, uharibifu unaweza kutokea siku yoyote kati ya jaribio na jaribio, hivyo kwa wastani itakaa mbovu miezi 6 bila mtu kujua. Miezi 6 kati ya 120 ni asilimia 5. Maana yake ni kwamba moto ukizuka siku yoyote, kuna nafasi 1 kati ya 20 kwamba pampu haitawaka. Sasa ijaribu kila mwezi. Kwa wastani itakaa mbovu nusu mwezi tu, na nusu mwezi kati ya 120 ni takriban asilimia 0.4, yaani nafasi 1 kati ya 240. Hujanunua kitu wala hujabadilisha kipuri. Umempa fundi robo saa kila mwezi ya kubonyeza kitufe, kusikiliza na kuandika. Niambie hayo ni matengenezo au ni usalama.

Kwenye Piper Alpha pampu za kuzima moto zilikuwepo, na hazikuwaka. Zilikuwa zimewekwa kwenye hali ya kuwashwa kwa mkono kwa sababu ya wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi chini ya maji, ili wasije wakavutwa kwenye midomo ya kufyonza maji. Sababu hiyo ilikuwa ya usalama. Lakini moto ulipozuka, watu wa kwenda kuziwasha hawakuweza kuzifikia. Kinga ya wachache ilikuwa imezima kinga ya wote, na hakuna aliyeketi kupima mambo hayo mawili kwa pamoja.

Bhopal, India, ni mfano mchungu zaidi wa jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia kwenye tangi lenye takriban tani 40 za methili isosianati, kemikali yenye sumu kali, katika kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide, na gesi ya sumu ikatoka na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala majumbani mwao. Kiwanda kilijengwa kikiwa na kinga kadhaa. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Mtambo wa kusafisha gesi ulikuwa umewekwa kando kama wa akiba. Mnara wa kuchoma gesi ulikuwa haufanyi kazi kwa sababu kipande cha bomba lake kilichokuwa kimeliwa na kutu kilisubiri kubadilishwa. Unaposoma orodha ya kazi za matengenezo zilizosubirishwa katika kiwanda chochote, soma kwa jicho hilo. Baadhi ya mistari yake ni rangi ya ukuta na mlango unaokwaruza. Mingine ni kinga zilizolala.

Kufuli lako mwenyewe

Sasa tusogee karibu, tufungue pampu moja. Ni pampu ya maji moto, mota yake ya umeme, na kazi yako ni kubadilisha sili (kizibo cha kuzuia maji kwenye shafti) inayovuja.

Unaanza kwa kuzungumza na mwendeshaji, uso kwa uso, na anasaini kwamba pampu imetolewa kwenye kazi. Unazima. Unakwenda kwenye ubao wa umeme, unavuta swichi ya mota hiyo na kuifunga kwa kufuli lenye jina lako na lebo yako. Kufuli ni lako, na ufunguo wake ni mmoja na uko mfukoni mwako. Kama mko watatu, kuna kishikizo cha chuma chenye matundu mengi ambacho kila mmoja huning'iniza kufuli lake, na swichi haiwezi kurudi mpaka wa mwisho atoe la kwake. Kuchomoa fyuzi na kuitia mfukoni, kama mafundi wengi wa kwetu walivyozoea, ni bora kuliko kuacha hivi hivi, lakini fyuzi nyingine ipo dukani na mtu mwenye haraka anaweza kuichomeka.

Kisha unarudi kwenye pampu na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Hatua hii huonekana ya kipuuzi kwa anayetazama, na ndiyo inayogundua kwamba umefunga swichi ya pampu jirani. Baada ya hapo unapima umeme kwa mita, na mita yenyewe unaijaribu kwanza mahali unapojua kuna umeme, halafu unaijaribu tena baadaye, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Bado hujamaliza. Umeme umetoka, lakini nguvu nyingine zimebaki ndani. Maji moto yamo kwenye bomba, na yana presha. Unafunga valvu za pande zote mbili, nazo unazifunga kwa mnyororo na kufuli, kisha unafungua kijibomba cha kutolea maji na kusubiri. Kisitoe kitu, usifurahi haraka, huenda kimeziba. Springi zilizobanwa, mzigo ulioning'inia, chaji iliyobaki kwenye kapasita, mvuke ulionaswa kati ya valvu mbili: vyote hivi havijui kwamba swichi imezimwa. Unapolegeza boliti za flanji, pale mabomba mawili yanapounganishwa, unaanza na zile za upande wa mbali nawe, ili kama kuna kilichobaki kipigie huko.

Ukifanya hayo yote, umefanya usimamizi wa hatari kwa mikono. Kila hatua ni jibu la swali "kama nimekosea, nini kitanilinda?" Na unapomaliza, safari ya kurudi ina uzito ule ule: zana zihesabiwe, vizuizi virudishwe na boliti zote, makufuli yatolewe na walioyaweka, pampu ijaribiwe, na mwendeshaji apokee kwa maneno na kwa saini. Wa Pampu A walikuwa katikati ya safari hiyo wakati zamu ilipobadilika.

Bomba lililochorwa kwa chaki

Kuna kazi inayofanana na matengenezo lakini si matengenezo, na kuichanganya nayo kumewahi kuua watu 28. Katika kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, kulikuwa na matangi sita ya kuchanganyia kemikali yaliyopangwa kwa mfululizo. La tano likapata ufa. Lilitolewa, na ili uzalishaji usisimame, la nne na la sita yakaunganishwa kwa bomba la muda. Midomo ya matangi ilikuwa na upana wa inchi 28, bomba lililopatikana lilikuwa la inchi 20. Kwa kuwa matangi hayakuwa kwenye kimo kimoja, bomba lilipindwa kwa kona. Mchoro pekee wa kazi hiyo ulikuwa wa chaki, kwenye sakafu ya karakana. Nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi, na hakuna aliyepiga hesabu za nguvu zinazosukuma bomba la namna ile. Tarehe 1 Juni 1974 lilipasuka, saikloheksani, kemikali inayowaka upesi, ikatoka kama wingu, na kiwanda kikalipuka. Ilikuwa Jumamosi. Siku ya kazi ya kawaida waliokufa wangekuwa wengi zaidi.

Mafundi wale hawakuwa wabaya. Walifanya kile ambacho fundi hodari husifiwa kukifanya: alitafuta kilichopo akaunga, kazi ikaendelea. Kwetu sifa hiyo ni kubwa, na kwa haki, maana vipuri huchelewa bandarini na mabosi hawangoji. Somo ni kujua mstari ulipo. Kurudisha kitu kama kilivyokuwa ni matengenezo. Kuweka kitu tofauti na kilichokuwepo, hata boliti ya daraja jingine au gasketi ya mpira pale palipokuwa na ya chuma, ni mabadiliko ya usanifu, na yanahitaji mtu anayeweza kupiga hesabu aiweke saini yake kabla mtambo haujawashwa.

Unasomea wapi, na unasoma nini

Hapa nitapita upesi, kwa sababu kozi hubadilika. Tanzania, ufundi wa mikono hupatikana VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Ngazi za stashahada na shahada za uhandisi ziko DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha, MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, hutoa mafunzo yake, na sheria inayoiongoza ni ile Na. 5 ya mwaka 2003. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, ambayo pamoja na mambo mengine humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuunda kamati ya usalama. Wanaotafuta kazi Qatar, Oman au Falme za Kiarabu mara nyingi huombwa cheti cha NEBOSH, bodi ya mitihani ya Uingereza. Ni cheti kizuri cha lugha ya pamoja ya kazi, lakini hakimfundishi mtu kusikia beringi inayokufa.

Kilicho adimu ni mahali panapofundisha yote kwa pamoja. Oran, Algeria, chuo kikuu kina taasisi yenye maneno yote mawili kwenye jina lake, matengenezo na usalama wa viwanda, na natamani tungekuwa na taasisi tatu nne za namna hiyo huku kwetu. Mpaka hapo, mwanafunzi ajiunganishie mwenyewe. Ukiwa kwenye uhandisi, usikwepe takwimu, maana mgawanyo wa Weibull, njia ya kitakwimu ya kuchambua muda ambao vitu huchukua kabla ya kuharibika, ndio utakaokuambia kama sehemu yako inachakaa au inakufa ovyo ovyo. Jifunze kuketi na wenzako kupitia mchoro wa mtambo bomba kwa bomba na kuuliza "mtiririko ukizidi? ukipungua? ukirudi nyuma?" Ukiwa kwenye usalama, omba kukaa karakana mwezi mzima, uvae ovaroli, ubebe zana za fundi. Kaguzi za lazima za boila, vyombo vya presha na mashine za kunyanyulia mizigo zitakuwa na maana tofauti kwako ukishawahi kuona ndani ya boila.

Jambo la mwisho kujifunza, na gumu kuliko hesabu, ni kuacha neno "uzembe". Ajali ikitokea kiwandani kwetu, magazeti huandika uzembe wa fundi, fundi anafukuzwa au anazikwa, na mtambo unabaki ulivyo. Jaji William Cullen, aliyeongoza uchunguzi wa Piper Alpha, alitoa ripoti Novemba 1990 yenye mapendekezo 106. Iligusa jinsi vibali vilivyopangwa na kuhifadhiwa, jinsi makabidhiano yalivyofanywa, kuta zilizojengwa kuzuia moto lakini si mlipuko, na majukwaa ya jirani yaliyoendelea kusukuma mafuta na gesi wakati Piper Alpha inaungua. Kanuni zilizofuata mwaka 1992 zilimtaka mwenye jukwaa aonyeshe mwenyewe, kwa maandishi, kwamba anajua kinachoweza kuua watu wake na amekifanyia nini. Yote hayo yasingepatikana kama uchunguzi ungeishia kwa mtu aliyefunga kifuniko.

Nina zoezi moja ninalopenda kuwapa vijana. Nawaambia: ni saa 12 jioni, wewe ndiye uliyetoa valvu ya Pampu A, mwenzako wa usiku ana shughuli nyingi na daftari la zamu liko mezani. Una mistari mitatu. Wengi huandika "Pampu A kazi inaendelea". Nawarudishia. Wanaandika "Pampu A, valvu imetolewa". Nawarudishia tena, maana anayesoma saa 3 na dakika 45 usiku, kengele zikilia, anataka kujua jambo moja kabla ya yote. Wiki iliyopita binti mmoja aliandika hivi:

"PAMPU A HAIWASHWI KWA SABABU YOYOTE. Valvu ya usalama imetolewa, iko karakana. Juu kuna kifuniko cha muda ambacho hakijajaribiwa kwa presha. Swichi ina kufuli langu, ufunguo ninao, narudi saa 12 asubuhi. Nimemwambia kiongozi wa zamu kwa mdomo, naye amerudia maneno yangu."